Masika ya Mtafuta Kazi: Hoja Dhidi ya Wanaosema Achague Moja

Mwezi Machi unapoingia na mawingu ya masika, yaani mvua ndefu zinazonyesha kati ya Machi na Mei katika ukanda wa pwani, kaskazini mwa Tanzania na sehemu kubwa ya Kenya, hukumu ya aina moja huanza kusikika majumbani, redioni, katika nyumba za ibada, na hasa katika hotuba za wageni rasmi kwenye mahafali. Humwangukia kijana aliyemaliza chuo na kurudi kwao, ambaye asubuhi yumo shambani au bandani kwa kuku, mchana yupo steshenari akiskani vyeti vya kuambatisha kwenye maombi ya kazi, na jioni yupo uwanjani, kwenye mazoezi ya kwaya au mbele ya kibao anachokipaka rangi. Kijana huyo huelezwa kuwa hana mwelekeo, kwamba anagusagusa kila kitu asimalize hata kimoja, na methali ya mshika mawili hutolewa papo hapo kumkumbusha kwamba, ikiwa mwenye mawili moja humponyoka, mwenye matatu hana la kutarajia.

Wanaoshikilia msimamo huo wamegawanyika katika kambi mbili ambazo kwa sura zinapingana. Ya kwanza husema kwamba ajira husakwa kwa nguvu zote, kwa hiyo jembe waachiwe wazee. Ya pili, ambayo katika miaka ya karibuni ndiyo yenye sauti kubwa zaidi, husema kwamba ajira hakuna, kwa hiyo kijana aache kutembeza bahasha ya kaki na ajiajiri moja kwa moja katika kilimo. Zinapatana, hata hivyo, katika mambo mawili: kwamba ni lazima achague moja, na kwamba lile la tatu, yaani mapenzi yake ya mpira, ya muziki au ya uchoraji, ni anasa isiyostahili hata kujadiliwa. Makala haya yanashikilia kwamba kambi zote mbili zimekosea, na kwamba kosa lao ni la hesabu kabla halijawa la maadili, kwa kuwa zinachukulia kuwa shughuli hizi tatu zinagombea saa zilezile, ilhali kila moja imejengwa kwa vipindi virefu vya kungoja, na zinapogongana hugongana katika siku chache zinazotambulika, tena kwa sababu ambazo nyingi haziko mikononi mwa huyo anayelaumiwa.

Hoja ya kuchagua moja ina ukoo wa heshima, na si haki kuipinga bila kuutaja. Adam Smith, mwanafalsafa na mwanauchumi wa Uskoti, katika sura ya kwanza ya kitabu chake cha mwaka 1776 kuhusu utajiri wa mataifa, alieleza faida za mgawanyo wa kazi, yaani utaratibu wa kuivunja kazi moja katika vipande na kumkabidhi kila mtu kipande chake. Na ili kuonyesha hasara ya kukosa utaratibu huo, alimtaja mfumaji wa kijijini mwenye kishamba chake, ambaye hupoteza muda kila anapotoka kwenye mtambo wa kufumia kwenda kondeni na kila anaporudi, na ambaye kwa kuzoea kuzubaa kati ya kazi na kazi huishia kuwa mvivu kwa tabia. Anayekomea hapo ataona kwamba hukumu ya wageni rasmi imekwisha kuthibitishwa na mtu mkubwa. Ila kurasa chache kabla ya mfumaji huyo, katika sura ileile, Smith alikuwa amekiri kwamba kilimo hakikubali kugawanywa namna hiyo, kwa sababu kulima, kupanda na kuvuna huja kwa majira tofauti ya mwaka, na haiwezekani mtu mmoja akapata kazi ya mwaka mzima katika mojawapo peke yake. Mfumaji amekumbukwa kwa karne mbili na nusu. Lile ungamo juu ya mkulima limesahauliwa, ingawa ndilo linalohusu watu wengi zaidi.

Masika yanaonyesha vizuri ungamo hilo lina maana gani. Ichukuliwe ekari moja ya mahindi katika tambarare zilizo chini ya Mlima Kilimanjaro au katika wilaya ya Korogwe, iliyopandwa kwa nafasi ya sentimita 75 kati ya mstari na mstari na sentimita 30 kati ya shimo na shimo. Ekari hiyo ina mashimo yanayokaribia 18,000, na kila shimo linahitaji mbegu, mbolea ya kupandia na udongo wa kufukia, kazi inayotakiwa kukamilika katika siku chache baada ya mvua za mwanzo kulowesha ardhi, kwa kuwa mahindi yaliyochelewa hukutwa na ukame wakati yanapotoa mbelewele na kujaza punje. Siku hizo hazina mbadala, na asiyezitoa kwa ukamilifu hana haki ya kuitwa mkulima hata kwa muda. Baada ya hapo, lakini, shamba halimdai mtu kila saa. Mbegu huchukua wiki moja hivi kuota; palizi ya kwanza huja wiki mbili au tatu baadaye; mbolea ya kukuzia huwekwa mimea inapofika magotini. Katikati lipo jukumu dogo la kurudiwarudiwa, nalo ni ukaguzi wa viwavijeshi vamizi, wadudu wenye asili ya mabara ya Amerika walioingia Tanzania mwaka 2017, ambao jua linapokuwa kali hujichimbia katika moyo wa mmea na kwa hiyo hutafutwa asubuhi na mapema au jioni. Mkaguzi hupita akifunua majani ya juu, akiangalia matundu na kinyesi kinachofanana na unga wa mbao, na kwa ekari moja kazi hiyo humalizika mapema, jua likiwa bado chini.

Zipo pia siku ambazo shamba lenyewe humfukuza mtu. Udongo wa mfinyanzi uliolowa chapachapa hushikamana na jembe, na ukikanyagwa hugandamana ukaja kukauka kama tofali, hivyo mkulima mwenye busara hukaa nje yake hadi unyevu upungue. Siku mbili za mvua mfululizo katikati ya Aprili ni siku mbili za kuandika barua za maombi, na hakuna mahindi yatakayodhurika kwa hilo. Miradi ya nyumbani nayo, neno linalotumika hapa kwa maana ya shughuli ndogo za uzalishaji zinazofanyika kuizunguka nyumba, ina saa zake yenyewe. Mayai yaliyoatamiwa huanguliwa baada ya siku 21, awepo mtu wa kuyasimamia au asiwepo. Chanjo ya kideri, ule ugonjwa wa kuku unaoitwa pia mdondo, hutolewa kwa tone la jichoni na kurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Mchicha huwa tayari kwa kung'olewa baada ya wiki tatu au nne. Vifaranga wa wiki za mwanzo ndio hasa wanaodai jicho la karibu, kwa sababu ya baridi na unyevu wa masika, na anayepanga kuleta vifaranga wapya katika wiki ya kupanda amejitafutia taabu ambayo methali yoyote ingeweza kumwonya.

Kutafuta kazi, kwa upande wake, huonekana kuwa jambo la kutwa nzima machoni pa wale tu ambao hawajaomba kazi kwa muda mrefu. Katika utumishi wa umma wa Tanzania maombi hutumwa kwa mfumo wa kielektroniki wa Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, na nafasi zinapotangazwa mwombaji kwa kawaida huwa na wiki mbili hivi za kutuma ombi lake. Sehemu nzito ya shughuli hiyo hufanywa mara moja na kuwekwa tayari: nakala za vyeti zilizothibitishwa na wakili, cheti cha kuzaliwa, namba ya kitambulisho cha taifa, wasifu wenye majina ya wadhamini watatu, na ufahamu, ambao wengi huupata kwa machungu, kwamba hati ya matokeo ya kidato cha nne haipokelewi mahali pa cheti chenyewe. Vikishakamilika hivyo, kila ombi jipya ni kazi ya jioni moja, barua iliyosainiwa na bando la intaneti. Kinachofuata ni kungoja. Anayebahatika huitwa kwenye usaili wa mchujo, ambao ni mtihani wa kuandika, kisha kwa baadhi ya kada usaili wa vitendo, na hatimaye mahojiano ya ana kwa ana. Na hata aliyefaulu yote hayo anaweza kuingizwa kwenye kanzidata, yaani orodha ya waliofaulu ambao nafasi hazikuwatosha, akaendelea kungoja. Kambi ya kwanza haijawahi kueleza mtu huyo afanye nini katika miezi hiyo. Kuongeza saa za kutafuta hakuongezi nafasi zilizotangazwa, na kutazama simu mara hamsini kwa siku hakuifanyi barua pepe ije mapema. Jambo pekee ambalo kungoja mikono mitupu huzalisha kwa hakika ni uchovu, na pengine ugomvi na wenye nyumba.

Ukweli wa kambi hizo haupaswi kufichwa, kwa sababu watetezi wa vijana wanaoukana huwapa wapinzani wao ushindi wa bure. Shughuli hizi hugongana, na zinapogongana huumiza. Tangazo la kuitwa kwenye usaili linaweza kutoka katika wiki ileile ya palizi ya kwanza, ambayo haiahirishwi kwa sababu magugu ya wiki sita za mwanzo ndiyo yanayoyadhoofisha mahindi kuliko yote yajayo baadaye, na kupalilia ekari kwa jembe la mkono ni kazi ya siku kadhaa. Kijana yupo milimani Lushoto na usaili upo Dodoma. Matangazo ya namna hiyo husema bila kificho kwamba msailiwa atajigharamia usafiri, chakula na malazi, na anayevuka mchujo huweza kulazimika kubaki mjini akisubiri tarehe ya mahojiano. Kinachogombewa hapo ni fedha kuliko muda. Nyumba ina mfuko mmoja, na mfuko huo wiki hiyo ulikuwa umepangiwa mfuko wa mbolea ya kukuzia. Kwa kawaida suala hilo huamuliwa bandani: majogoo kadhaa hukamatwa alfajiri, huuzwa barabarani au kwa mchuuzi, nauli hupatikana, na jirani hupewa kibarua cha palizi kwa ahadi ya kulipwa baadaye. Mradi wa kuku ambao kambi ya kwanza iliuita upotevu wa muda ndio uliolipa nauli ya kwenda kwenye usaili ambao kambi ya pili iliuita upotevu wa nauli.

Hapo ndipo lawama inapotakiwa kugeuziwa uso. Tarehe za usaili, mahali unapofanyika na nani abebe gharama zake ni mambo yaliyopangwa na watu, wala hayakuteremka na mvua. Baadhi ya usaili, ukiwemo wa kada ya ualimu, umekwisha kufanyika mikoani badala ya kuwakusanya wote mahali pamoja, jambo linaloonyesha kwamba inawezekana. Mtihani wa kuandika unaosahihishwa kwa mwongozo mmoja hauhitaji msailiwa asafiri usiku kucha. Mwajiri binafsi anayetoa siku mbili za taarifa kabla ya mahojiano naye amehamishia gharama ya haraka yake kwa mtu asiye na kipato, kisha anapomwona amefika na matope kwenye viatu anamwandika kuwa hakujiandaa. Ni ajabu kwamba katika mazungumzo yote kuhusu nidhamu ya vijana ni nadra sana kusikia yakizungumzwa mambo ya nidhamu ya wanaowaita.

Hadithi ya kuwataka watu wachague moja ina historia Afrika Mashariki, na historia hiyo haiwasaidii wanaoihubiri. Mwaka 1954, katika Kenya ya ukoloni, nyaraka mbili zilitolewa ambazo zikisomwa pamoja hufanya picha kamili. Kamati ya mishahara ya Waafrika iliyoongozwa na F. W. Carpenter ilipendekeza kwamba mfanyakazi wa mjini alipwe na kupewa makazi kwa namna itakayomwezesha kuishi na familia yake mjini na kukata tegemeo lake kwa shamba la kwao, mpango uliojulikana kama kuimarisha nguvukazi, yaani kumfanya mfanyakazi akae kazini moja kwa moja badala ya kwenda na kurudi. Mpango wa kilimo uliotungwa na R. J. M. Swynnerton ulitaka vipande vya ardhi viunganishwe, vipimwe na vipewe hati, mkulima awe mkulima hasa, na ulikubali waziwazi kwamba wenye juhudi na uwezo wangepata ardhi zaidi na wengine wangebaki bila ardhi. Mmoja ulitaka mfanyakazi asiye na jembe, mwingine mkulima asiye na mshahara. Watu hawakutii hata mmoja kikamilifu. Gavin Kitching, katika kitabu chake cha mwaka 1980 kuhusu matabaka na mabadiliko ya uchumi nchini Kenya, alionyesha kwamba familia zilizosonga mbele mara nyingi zilikuwa zile zilizosimama kwa miguu miwili, ambapo mshahara wa ukarani au ualimu ulinunua ng'ombe wa maziwa, miche ya kahawa au chai na nguvu za vibarua, na shamba likalisha nyumba wakati mshahara unapochelewa au kukoma.

Tanzania ilipitia njia yake. Mwaka 1983 ilipitishwa sheria iliyokuja kujulikana mitaani kama Nguvu Kazi, na watu wa Dar es Salaam walioshindwa kuonyesha kitambulisho cha kazi walikamatwa kama wazururaji na kusafirishwa kwenda kulima. Wengi walirudi mjini, na zoezi likafifia. Katika miaka hiyohiyo waliokuwa na ajira rasmi walikuwa wakifanya kimyakimya kile ambacho wasio na ajira waliadhibiwa kwacho. Mishahara ilikuwa imepoteza thamani kiasi kwamba haikutosha chakula cha mwezi, na kama Aili Mari Tripp alivyoeleza katika utafiti wake kuhusu uchumi usio rasmi wa Dar es Salaam, uliochapishwa mwaka 1997, nyumba za wafanyakazi ziliishi kwa miradi: maandazi, kuku, ng'ombe wa uani, ushonaji, bustani pembezoni mwa jiji. Mwaka 1991 Azimio la Zanzibar lililegeza miiko ya uongozi ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, ambayo miongoni mwa mambo mengine ilimkataza kiongozi kuwa na mishahara miwili au nyumba za kupangisha. Sababu za miiko ile zilikuwa tofauti, maana ilihofia kiongozi kugeuka mnyonyaji, wala hapa si mahali pa kuipima. Inatosha kusema kwamba kwa zaidi ya miaka 30 wakubwa wameruhusiwa kuwa na vyanzo viwili na vitatu bila kuambiwa kuwa hawana mwelekeo, na mgeni rasmi anayewaasa wahitimu kuchagua moja mara nyingi ana shamba Kibaha, nyumba ya kupangisha na ujumbe wa bodi.

Suala la tatu, la mapenzi ya michezo na sanaa, linahitaji kuzungumzwa kwa uangalifu zaidi, kwa kuwa hata wanaolitetea huliharibu. Utetezi uliozoeleka siku hizi ni kwamba kipaji ni ajira: anayeimba ageuze sauti iwe fedha, anayechora auze, anayecheza mpira atafute timu ya ligi. Utetezi huo unakubali hoja ya mpinzani kabla ya mjadala kuanza, yaani kwamba jambo lisiloleta fedha halina haki ya kuchukua saa moja ya jioni. Ni kweli kwamba wapo waliovuka. Edward Saidi Tingatinga alifanya kazi za mashamba ya mkonge na za nyumbani kwa watu kabla ya kuanza, mwishoni mwa miaka ya 1960, kupaka vibao kwa rangi za kung'aa na kuviuza Oyster Bay, na hata baada ya michoro yake kupata wanunuzi alichukua ajira katika hospitali ya Muhimbili. Alifariki mwaka 1972, na mtindo wake unaendelea kubeba jina lake. Shaaban Robert aliandika sehemu kubwa ya kazi zake akiwa karani wa serikali ya kikoloni, aliyehamishwa kutoka kituo hadi kituo. Hata hivyo mifano hiyo inathibitisha jambo dogo kuliko linalodaiwa kwayo. Inaonyesha kwamba ajira, kazi za mikono na sanaa viliweza kukaa ndani ya mtu mmoja. Haionyeshi kwamba kila mchoraji wa jioni anawiwa na jamii faida.

Ushahidi wenye uzito zaidi unatoka mbali, katika kijiji cha Marienthal karibu na Vienna, nchini Austria, ambako kiwanda cha nguo kilichoajiri karibu kijiji kizima kilifungwa kati ya mwaka 1929 na 1930. Marie Jahoda, Paul Lazarsfeld na Hans Zeisel, waliochapisha utafiti wao mwaka 1933, walikuta watu waliopewa ghafla muda wote waliowahi kuutamani, wakashangaa kuona kwamba vitabu vilivyoazimwa maktabani vilipungua ingawa ada ilikuwa imefutwa, kwamba vilabu vilidhoofika, na kwamba wanaume walitembea barabarani polepole, wakisimamasimama, na jioni hawakuweza kueleza siku yao ilivyopita. Wanawake walitembea kwa kasi zaidi, kwa sababu nyumba ilikuwa bado inawadai. Wengi walikuwa na vibustani na walifuga sungura kwa kitoweo. Jambo linalojitokeza katika utafiti huo ni kwamba muda mtupu haugeuki wenyewe kuwa juhudi ya kutafuta kazi. Hulegea, na mtu hulegea nao. Mazoezi ya kwaya ya Jumatano na Ijumaa, mechi ya Jumamosi dhidi ya kijiji cha pili, zamu ya kucheza bao au drafti kibarazani, hayo ndiyo yanayoipa wiki ya asiye na ajira mifupa yake, na kuyafuta kwa jina la kumhimiza ni kumwondolea kitu ambacho wakazi wa Marienthal walikipoteza bila kutaka.

Anayesisitiza lazima aone faida anaweza kupewa moja, kwa shingo upande. Mark Granovetter, mwanasosholojia wa Marekani, aliwahoji wanaume wa Newton, karibu na Boston, kuhusu namna walivyopata kazi, na katika kitabu chake cha mwaka 1974 akaonyesha kwamba wengi walipata habari kupitia watu, na kwamba watu hao hawakuwa ndugu wa karibu bali watu wa kufahamiana tu, wanaoonana kwa nadra, ambao husikia mambo yasiyosikika nyumbani. Timu ya mpira na kwaya hukusanya watu wa namna hiyo: dereva wa kampuni, mwalimu wa sekondari ya jirani, mlinzi wa kiwanda. Kazi nyingi zisizotangazwa popote, hasa za muda, hupita katika midomo hiyo. Lakini kijana akienda mazoezini kwa sababu hiyo pekee, wenzake watamtambua katika wiki ya pili.

Inabaki hoja moja ya kambi ya pili, nayo ni ya maana kuliko kelele zake nyingine: kwamba anayelima huku macho yake yako kwenye tangazo la kazi hulima kwa nusu moyo, na shamba hulijua hilo. Jibu lake linategemea ukubwa wa shamba na ni nani mwenye mavuno. Ekari moja na kuku ishirini vinabebeka. Ekari tano za kukodi, mkopo wa pembejeo na bwawa la samaki lililochimbwa mwaka huohuo havibebeki, na aliyejitwika hivyo huku akituma maombi kila wiki ameshindwa kupima mzigo, wala utetezi wa makala haya haumhusu. Lakini nusu moyo mara nyingi ina chanzo kingine. Kijana asiye na ajira huhesabiwa nyumbani kuwa mtu wa bure, ambaye mikono yake inaweza kuitwa saa yoyote kwa kazi ya yeyote, na mahindi aliyoyapalilia huuzwa bila yeye kuulizwa. Hali hiyo ni ya zamani zaidi kwa upande wa wasichana. Binti aliyerudi kutoka chuoni hupewa maji, kuni, upishi wa kutwa na wagonjwa wa nyumba juu ya shamba na juu ya maombi yake, na mama yake amefanya mambo manne na matano kwa siku tangu alipoolewa. Katika nyumba zilezile zinazomtaka kijana wa kiume achague moja, hakuna aliyewahi kuwapa wanawake hao nafasi ya kuchagua, na hakuna aliyeshangaa kwamba waliyamaliza.

Wataalamu wa takwimu wamelitambua tatizo hilo, la kumhesabu anayefanya kazi kuwa mtu wa bure, mapema kuliko wahubiri. Mkutano wa kimataifa wa wanatakwimu wa kazi uliofanyika Geneva mwaka 2013, chini ya Shirika la Kazi Duniani, ulitenganisha kazi na ajira: kazi ni shughuli yoyote ya kuzalisha bidhaa au kutoa huduma, kwa matumizi ya wengine au ya nyumba ya mtu mwenyewe, na ajira ni ile sehemu ya kazi inayofanywa kwa malipo au faida. Kwa fasili hiyo, mtu anayepalilia chakula cha nyumbani na wakati huohuo anatafuta ajira na yupo tayari kuianza huhesabiwa kuwa anafanya kazi na kuwa hana ajira, yote mawili kwa pamoja, bila kupingana. Nyumba nyingi bado hazina hesabu ya namna hiyo. Ingeweza kufanywa bila karatasi, mwezi wa Februari, kabla ya mbegu kununuliwa: matuta yapi ni ya kijana na mavuno yake ni yake, kuku wangapi hawaguswi kwa sikukuu kwa kuwa ni nauli, siku gani za kupanda na kupalilia hawezi kukosekana, na kibarua yupi atamshikia nafasi akiitwa, jioni zipi ni za kwaya au mpira na haziitiwi kuni. Familia isiyozungumza hayo mwezi wa Februari huyazungumza kwa hasira mwezi wa Aprili, magugu yakiwa yamefika magotini na basi la Dodoma likiondoka saa kumi na mbili asubuhi.